Mlango wa nyuma wa 240Z kwenye Datsun 260Z: kinachoingiliana na kisichoingiliana

Msomaji wetu wa Jinja ameuliza hivi: "Mzee fundi, salaam. Marehemu mjomba wangu aliniachia Datsun 260Z ya mwaka 1974, ya viti viwili, usukani kulia. Injini ni nzima, lakini nyuma imeliwa na kutu. Mlango wa nyuma umetoboka ukingo wa chini, bati lililobeba taa limeoza pembeni, na ubavu wa kulia, nyuma ya gurudumu, unapitisha kidole. Kuna muuza vipuri mjini Kampala mwenye vipande vitatu ambavyo anataka nivichukue kwa pamoja: mlango wa nyuma wa 240Z ya mwanzo, ule wenye matundu ya hewa, bati la nyuma la 280Z lililotoka Marekani, na ubavu mzima wa kulia uliokatwa kwenye 260Z ya viti vinne. Anasema zote ni Z, kwa hiyo zote zinaingiliana. Je, ni kweli? Na je, fundi anaweza kumaliza kazi Jumamosi na Jumapili?"

Ndugu yangu, mlango ununue. Bati la nyuma usilipie mpaka uangalie taa zako kwa namna nitakayokueleza. Ubavu wa ile ya viti vinne muachie mwenyewe, hata akikupa kwa bei ya chuma chakavu. Kuhusu siku mbili, zinatosha kwa mlango peke yake, iwapo fundi hana haraka ya kwenda kwingine.

Muuzaji wako hakudanganya kwa makusudi, nadhani. Amesoma tu namba iliyoandikwa kwenye gari. Namba hiyo ni ya injini, si ya bati. Nissan, wenye jina la Datsun, walipolitoa gari hili mwaka 1969, nyumbani Japani likiitwa Fairlady Z, lile la kuuzwa nje liliitwa 240Z kwa sababu ya injini yake ya sentimita za ujazo 2,393. Mwaka 1974 injini ikaongezwa hadi 2,565, likawa 260Z, kisha kwa soko la Marekani ikafika 2,753, likawa 280Z. Bodi ya viti viwili ilibaki ileile kwa umbo lake kubwa katika miaka yote hiyo, huku vitu vidogovidogo vikibadilishwa kimyakimya, mara nyingine katikati ya toleo lenye jina lilelile. Kwa hiyo unaweza kukuta vipande vya magari mawili yenye namba tofauti vinaingiliana bila kupigwa nyundo, na vya magari mawili yenye namba moja, kama 260Z yako na ile ya viti vinne, havikaribiani kabisa.

Hapa kwetu watu wa umri wangu walilijua gari hili kwa vumbi lake kabla ya kulijua kwa jina. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikashinda tena chini ya Shekhar Mehta, aliyezaliwa hapahapa Uganda. Nalitaja hilo kwa sababu moja tu: gari lililostahimili barabara zile lina bodi imara kuliko sifa yake ya kutu inavyodokeza, na lako, ikiwa nguzo za chini ya sakafu ni nzima, linastahili kazi unayotaka kulifanyia. Kabla ya kutumia shilingi hata moja kwa nyuma, lala chini ya gari na bisibisi mkononi, uzigonge nguzo hizo mbili za urefu zinazopita chini ya miguu ya dereva na abiria. Zikitoa sauti kavu, endelea kusoma. Bisibisi ikizama, habari ni nyingine, na milango na mabati ya nyuma yasubiri.

Nyuma ya gari hili kuna vitu vya aina mbili. Vipo vilivyofungwa kwa bolti, navyo ni mlango wa nyuma, bampa, taa na urembo unaozizunguka. Na vipo vilivyochomelewa kiwandani, yaani mabavu mawili, bati la nyuma linalobeba taa, na sakafu yenye shimo la tairi la akiba. Kilichofungwa kwa bolti kinabadilishwa na kurudishwa, na ukikosea unafungua upya. Kilichochomelewa ni sehemu ya mifupa ya gari, kwa sababu Z haina chesisi ya kukaa peke yake. Ukikikata umelilegeza gari zima.

Sasa mlango. Ule wa 240Z ya mwanzo unaingia kwenye bodi yako, kwa kuwa mahali pa bawaba na mzingo wa ukingo havikubadilika kwa magari ya viti viwili. Matundu yale ya hewa yaliyo chini ya kioo ndiyo tofauti kubwa. Katika magari ya mwanzo hewa ya ndani ilitokea hapo. Muda si mrefu Nissan waliyahamishia kwenye nguzo za nyuma za paa, pale palipo na kile kibandiko cha duara chenye herufi Z. Gari lako la 1974 linayo tayari ya nguzoni. Ukifunga mlango wenye matundu utakuwa na njia mbili za hewa, na hiyo ya mlangoni huihitaji. Mimi ningeacha vile vidirisha vyake vionekane kwa nje, kwa kuwa vinapendeza na wakusanyaji wa magari ya zamani wanavitafuta sana, lakini kwa upande wa ndani ningeziba njia ya hewa kwa vibati viwili vyembamba vilivyokatwa kwa kipimo, vikalaliwa na mpira na kushikwa kwa skrubu ndogo, ili atakayelimiliki gari baada yako aweze kuvitoa bila kuharibu kitu. Usizibe kwa silikoni na povu. Povu hufyonza maji, na mlango huo utaoza kutoka ndani kama wa sasa.

Kioo nacho kina alama yake. Vile vya mwanzo vina nyuzi za kupasha joto zilizosimama wima, na vya baadaye vina nyuzi za mlalo. Kama kioo chako ni kizima na nyuzi zake bado zinafanya kazi, hamisha kioo chako kiingie kwenye mlango mpya, maana fremu inakikubali. Nunua mpira mpya wa kioo kabla ya siku ya kazi. Mpira wa miaka 50 ukishatolewa haurudi. Hukatika mikononi kama mkate uliokauka.

Kuondoa mlango wa zamani ni kazi ya watu watatu, wawili wa kushika na mmoja wa kufungua, kwa sababu mlango ukiwa na kioo chake ni mzito na uzito wote unaning'inia kwenye bawaba mbili zilizo kwenye ukingo wa paa. Tandika blanketi juu ya paa kwanza. Kisha toa waya za kioo, na kile kishikizo cha gesi kinachouinua mlango kitolewe mwisho, wakati wale wawili wameshashika. Kabla ya kugusa bolti yoyote, chukua penseli yenye ncha kali uchore kuizunguka kila bawaba, kwa upande wa mlango na upande wa bodi. Ukiziangalia vizuri utaona matundu ya bolti ni mapana kuliko bolti zenyewe, na chini yake mara nyingine kuna vibati vyembamba kama wembe. Vibati hivyo ndivyo kiwanda kilivyotumia kulisawazisha gari lako, nalo peke yake. Vihesabu, viandike ni vingapi kila upande, uviweke kwenye mfuko. Nimewaona mafundi wazuri wakivipangusa vikaanguka sakafuni, halafu wakashinda mchana kutwa wakishangaa kwa nini mlango umeinuka upande mmoja.

Katika kuufunga mlango mpya, kosa la kawaida ni kuanza na komeo. Fundi anafunga bawaba, anafunga komeo, anabamiza mlango, unashika, anafurahi. Lakini komeo ukilitangulia linauvuta mlango hadi mahali linapotaka lenyewe, na bawaba zinalazimika kufuata. Anza bila komeo kabisa. Kaza bolti za bawaba kwa mkono tu, shusha mlango polepole, usimame nyuma ya gari uangalie mwanya ulioko kati ya mlango na bodi, kushoto, kulia na juu. Mimi hulenga milimita 5 pande zote, na ninapimia kwa kipande cha mbao kilichochongwa kwa unene huo, kwa sababu jicho huchoka na kipande cha mbao hakichoki. Sogeza, shusha, angalia, sogeza tena. Ukingo wa mlango usiwe juu ya bodi wala chini yake, na hili utalijua kwa kupitisha kiganja, siyo kwa macho. Mwanya ukishakuwa sawa ndipo ukaze bolti, na baada ya hapo ndipo komeo lifungwe na lisogezwe mpaka liukubali mlango, badala ya mlango kulikubali komeo.

Hapo mlango umeingia, lakini bado haujakaa. Nitasimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo penye hatari na ndipo mafundi wengi wanapopitia harakaharaka.

Datsun Z ina tabia moja inayojulikana dunia nzima: moshi wa eksozi hurudi ndani. Gari likikimbia, mgongo wake ulioinama unaacha nyuma yake eneo lenye mgandamizo mdogo wa hewa, na moshi unaotoka bomba la eksozi unazungukazunguka hapo badala ya kwenda zake. Dereva akishusha kioo cha mlango wake, hewa ya ndani inafyonzwa nje kupitia dirishani, na nafasi yake inajazwa kutoka popote penye upenyo, yaani pembeni mwa mlango wa nyuma, kwenye vifungashio vya taa (ile mipira inayoziba ukingo wake), na kwenye matundu ya waya. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zinazozidi mara 200 zile za oksijeni. Harufu ya petroli unayoisikia si gesi hiyo. Ni onyo tu kwamba njia ipo.

Nililijua hili kwa kosa langu. Miaka ya nyuma nilibadilisha mlango wa nyuma wa Z ya mteja mmoja, kazi ikapendeza, mwanya ukawa sawa kama wa kiwandani. Nilirudisha mpira wa zamani wa kuzunguka mlango kwa sababu ulionekana mzima. Baada ya wiki mbili mteja akarudi, akaniambia kwamba kila akitoka Kampala kwenda Masaka na mkewe wanafika kichwa kinawauma wote wawili, na mkewe ameapa hatapanda tena gari hilo. Nikachukua karatasi ya gazeti, nikakata mkanda, nikaubana mlangoni na kuuvuta. Upande wa kushoto uligoma kutoka. Upande wa kulia, karibu na taa, ulitoka kama umebanwa na upepo. Mpira ulikuwa mzima kwa kuutazama, lakini ulikuwa umelala na kuchukua umbo la mlango wa zamani, na mlango mpya ulikuwa na mzingo wake. Nilibadilisha mpira kwa gharama yangu, nikaongeza vifungashio vya taa zote mbili, na maumivu ya kichwa yakaisha.

Kwa hiyo mpira mpya wa mlango uwe sehemu ya bei ya mlango, usiwe nyongeza ya baadaye. Kipimo cha karatasi fanya kila baada ya sentimita 15 kuuzunguka mlango wote. Usiku, mtu aingie nyuma na kufungiwa huku mwingine akizunguka nje na tochi kali. Mwanga ukipenya, moshi utapenya. Kisha maji: mpira wa bustani, maji ya polepole kuanzia chini kwenda juu, siyo yale ya kasi ya mashine ya kuoshea magari, kwa sababu yale huingia hata mahali pazuri na yatakupotosha. Ukiwa huko nyuma fungua pia lile jopo la ndani la ubavu uangalie mipira myembamba ya mvuke wa petroli inayotoka kwenye tangi. Ikiwa na nyufa, ibadilishe yote kwa pamoja, na mpira mnene wa shingo ya tangi pia. Wenye Z wengi wamelaumu mlango kwa harufu iliyokuwa inatoka kwenye mipira hiyo.

Tuje kwenye bati la nyuma. Simama nyuma ya gari lako, washa swichi, mwombe mtu aingize gia ya rivasi. Je, taa nyeupe inawaka ndani ya taa kubwa, pamoja na breki na indiketa? Au inawaka peke yake, kwenye kijitaa kilichojitenga karibu na namba ya gari? Katika 240Z taa ya rivasi ilikuwa ndani ya taa kubwa. Baadaye ilitolewa ikawekwa peke yake, na bati la nyuma likatobolewa nafasi yake. Bati la 280Z linayo nafasi hiyo. Kama taa zako ni za namna ya pili, bati hilo linakufaa kwa upande wa taa. Kama ni za namna ya kwanza, utakuwa na matundu mawili usiyoyahitaji.

Bado kuna bampa. Magari yaliyouzwa Marekani katika miaka hiyo yalilazimishwa na sheria ya huko kuwa na bampa za kustahimili kugongwa kwa mwendo mdogo, ndiyo maana 280Z ina bampa nene iliyotokeza, na mahali pa kuishikia si sawa na pa bampa yako nyembamba. Muulize muuzaji akutumie picha ya bati hilo kwa upande wa ndani, siyo wa nje. Kwa nje yote yanafanana.

Lakini hata kama yote yatalingana, mimi nisingebadilisha bati zima. Umesema limeoza pembeni. Hukusema limeoza lote. Bati hili limechomelewa kwenye mabavu yote mawili na kwenye sakafu, na ndilo linalozishika pande mbili za nyuma zisipanuke. Ukilitoa zima, mlango uliotumia siku nzima kuusawazisha utabadilika mwanya wake mbele ya macho yako. Nunua bati la 280Z kama bei yake ni ndogo, ulifanye shamba la viraka: kata kutoka kwake zile pembe mbili tu unazozihitaji, zikiwa na mikunjo yake ya kiwandani, uzichomelee mahali pa zilizooza. Mikunjo ndiyo mali. Bati bapa hupatikana popote. Pembe iliyokunjwa na mashine ya kiwanda mwaka 1975 haipatikani.

Kuhusu ubavu, hesabu inatosha. Gari la viti vinne lina urefu wa milimita 2,605 kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na lako lina milimita 2,305. Ni tofauti ya sentimita 30, na Nissan hawakuiongeza sehemu moja tu. Paa liliinuliwa likarefushwa, na mstari wa dirisha la pembeni ukafuata paa. Ubavu ule hauwezi kukatwa ukapunguzwa. Atakayekuambia anaweza, mwombe akuonyeshe gari alilolifanyia hivyo, halafu ulitazame kwa pembeni jua likiwa chini.

Tundu linalopitisha kidole nyuma ya gurudumu halihitaji ubavu. Linahitaji kiraka cha ukubwa wa sahani, na kwanza linahitaji ujue lilitoka wapi. Kutu ya hapo huanzia ndani: matope ya murramu hurushwa na tairi, hukaa kwenye mfuko kati ya bati la ndani na la nje, na Jinja, kwa unyevu wa ziwa na misimu miwili ya mvua, tope hilo halikauki kabisa. Tundu unaloliona ni la mwisho kutokea. Fundi aukate mfuko huo mpaka afike kwenye bati linalong'aa, hata kama tundu la kidole litakuwa la ngumi, na atengeneze bati la ndani kwanza kabla ya la nje. Akikuambia atapaka puti tu, mshukuru na uondoke. Puti juu ya kutu haifiki mwaka.

Kiraka chenyewe mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, wanaweza kukukunjia ukiwapelekea kielelezo cha karatasi ngumu kilichochukuliwa upande wa kushoto na kugeuzwa. Tumia bati la milimita 0.8 hadi 1. Nene zaidi ya hapo litapindisha jirani yake likipata joto. Lishikwe kwanza kwa skrubu, mlango wa nyuma ukiwa umefungwa na gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, siyo juu ya jeki, maana gari lililoinuliwa katikati hujipinda kidogo na utachomelea mpindo huo udumu. Achomelee kwa nukta, moja hapa na nyingine mbali, asubiri bati lipoe kiasi cha kuwekwa kiganja, ndipo aongeze. Anayevuta mstari mrefu wa moto kwa pumzi moja atakuachia ubavu uliojikunja kama karatasi iliyolowa.

Na hapa nasisitiza bila kupamba: kifuniko cha petroli kiko ubavu huohuo wa kulia. Tangi, shingo yake na mipira yake yote itoke kwenye gari kabla moto haujawashwa, na tangi lipelekwe mbali, lisiwekwe tu upande wa pili wa karakana. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke ndio unaolipuka. Betri nayo itolewe.

Juu ya kununua, nenda mwenyewe Kisekka, kwenye soko la vipuri la Kampala, au popote kipande kilipo, ukiwa na sumaku ndogo uliyoifunga kwa kitambaa. Ipitishe ukingoni mwa mlango, hasa chini ya komeo. Inaposhika kwa nguvu ni bati. Inapoteleza ni puti iliyopakwa rangi. Pindua mlango uangalie vitundu vya kutolea maji kwenye ukingo wake wa chini. Vikiwa vimezibwa na rangi mpya, kuna kitu kimefichwa. Usijipe matumaini ya kuagiza gari zima kuukuu kutoka Japani ili ulikate vipande, kwa sababu tangu mwaka 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15. Vipande ndivyo tulivyobaki navyo, na ndiyo maana mlango mzuri wa 240Z usiuache upite.

Rangi iachwe hadi mwisho, baada ya gari kutembea angalau wiki moja na mlango mpya ukiwa umepakwa praima pekee. Wiki hiyo bawaba zitatulia na utalazimika kurekebisha mwanya tena. Ni afadhali spana ikwaruze praima kuliko rangi. Ukiamua kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka kwamba rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari, na mabadiliko yaandikishwe kabla askari wa barabarani hajakuuliza.

Kabla ya kuupeleka mlango wa zamani kwa wauza chuma chakavu, fungua kufuli lake. Silinda inatoka kwa kibanio kimoja cha bati kilicho upande wa ndani, na inaingia kwenye mlango wa 240Z. Ufunguo wa mjomba wako utaendelea kuufungua.